Goti Linashtakiwa, Siti Inaachwa Huru

Mhadhara wa umma uliotolewa Matulo, Kaunti ya Bungoma

Nimeombwa nizungumze juu ya goti. Nitazungumza zaidi juu ya baiskeli, na kabla hatujaachana mtaona kwa nini.

Mtu akiumwa goti huku kwetu, kuanzia Kitale hadi Bungoma mjini, jibu huwa tayari kabla hajamaliza kueleza. Mwenye miaka 50 huambiwa ni uzee. Mwenye miaka 20 huambiwa ni baridi, hasa akiwa anatoka Kitale, mji ulio takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai kule mnazijua. Mwingine ataambiwa mafuta ya goti yamekwisha. Basi anaingia duka la dawa, ananunua diklofenaki, anameza, maumivu yanatulia, na kesho yake anapanda baiskeli ileile, siti ileile, mlima uleule. Kazi yangu ni tiba ya viungo, na wengi wanaonijia wamekwisha kumeza vidonge kwa miezi. Vidonge hivyo vina mahali pake. Lakini vikimezwa ovyo huchubua tumbo na huweza kudhuru figo, na kwa jambo letu la leo vina ubaya mwingine: vinanyamazisha dalili ambayo ingetuongoza kwenye chanzo.

Tuanze na mahali goti lilipo. Juu yake ipo nyonga, chini yake kipo kifundo na unyayo. Mtu anapotembea, nyonga na unyayo viko huru. Akikanyaga jiwe, unyayo unapinda, nyonga inafidia, mwendo unaendelea. Akipanda baiskeli mambo yanabadilika. Makalio yameshikwa na siti, unyayo umeshikwa na pedeli, na umbali kati ya viwili hivyo umeamuliwa na bolti moja chini ya siti. Goti limebaki katikati, halina hiari. Likilazimishwa kukunjika kupita kiasi litakunjika, na likilazimishwa kuelemea upande litaelemea. Tena si mara moja wala mara mia. Anayezungusha pedeli mara 60 kwa dakika hukunja kila goti mara 3,600 kwa saa. Kosa la sentimita mbili, ambalo usingelitambua ukizunguka kiwanja hiki, linarudiwa mara hizo zote kila saa unayokaa barabarani.

Kwa hiyo msimamo wangu nautoa mapema, mwenye kubisha aanze kujiandaa: kwa mwendesha baiskeli asiyewahi kuanguka wala kugongwa, mara nyingi goti huumia kwa makosa ya siti, gia au pedeli. Na chanzo kinaweza kutafutwa kwa utaratibu, na mtu yeyote mwenye subira na spana.

Mgonjwa akikaa mbele yangu, simbonyezi goti kwanza. Namwomba anioneshe panapouma, kwa kidole kimoja. Wengi hufunika goti lote kwa kiganja. Nasubiri, mpaka kidole kitue mahali. Palepale kidole kinapotua ndipo nusu ya habari ilipo.

Kidole kikitua mbele, juu ya pia ya goti au kando yake kidogo, mshukiwa wa kwanza ni siti iliyo chini mno. Pia ya goti ni kale kamfupa ka mbele kanakoteleza ndani ya mfereji ulio mwishoni mwa mfupa wa paja. Msuli mkubwa wa paja hukavuta kila unapokanyaga pedeli. Goti likiwa limenyooka karibu kabisa, mvuto huo haukagandamizi sana. Kadiri goti linavyozidi kukunjika huku likisukuma, ndivyo kamfupa kanavyokandamizwa kwenye mfereji wake. Ndiyo maana mtu mwenye shida hii hulalamika pia akipanda ngazi, akichuchumaa chooni, au akikaa muda mrefu kwenye matatu bila kunyoosha miguu. Ukimsikia akitaja hayo matatu pamoja na baiskeli, karibu umefika.

Sasa, siti zetu ziko chini kwa sababu nzuri, na sipendi wataalamu wanaofika huku na kuwacheka watu. Boda boda wa baiskeli amebeba mama na mtoto kwenye keria, au gunia la mahindi la kilo 90. Akisimama ghafla anataka miguu yote miwili iguse ardhi, la sivyo mzigo unamwangusha. Hiyo ni akili. Gharama yake ndiyo haisemwi: kila anapokanyaga, goti lake huanza kazi likiwa limekunjwa kama la mtu aliyechuchumaa, na uzito wa watu wawili uko nyuma yake.

Vijana wa baiskeli za milima wana sababu tofauti na kosa lilelile. Wanapanda kuelekea Chetambe au njia za miguuni mwa Mlima Elgon, na kabla ya kuteremka wanashusha siti ili wasirushwe mbele. Ni sahihi kabisa. Halafu wanafika chini, wanaanza mlima mwingine, na siti imebaki palepale. Wapo pia walionunua baiskeli ya mtumba ya mtoto wa Ulaya wa miaka 12 kwa sababu bei ilikuwa nzuri, na hata siti ikivutwa hadi mwisho bado ni fupi.

Kipimo cha kienyeji cha urefu wa siti hakihitaji vifaa. Mwenzako ashike usukani. Keti sawasawa, weka kisigino juu ya pedeli, zungusha hadi pedeli ifike chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande. Kisha ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjika kidogo, na hicho kidogo ndicho tunachokitaka: kati ya nyuzi 25 na 35 ndiyo kadiri inayokubalika na wengi. Wanaopenda hesabu wana njia iliyopewa umaarufu na Mmarekani Greg LeMond, aliyeshinda Tour de France mara tatu. Pima kutoka kwenye msamba hadi sakafuni bila viatu, zidisha kwa 0.883, upate umbali wa kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi juu ya siti. Mwenye sentimita 80 atapata karibu 71. Ni mwanzo tu, kwa sababu LeMond hakuwa akiendesha na kandambili. Ukigundua siti yako iko chini kwa sentimita tano, usiipandishe zote leo. Pandisha nusu sentimita, endesha siku chache, pandisha tena. Na bomba la siti lisivutwe likabaki limeshikwa na ncha tu, maana likikatika hutakuja kwangu, utapelekwa kwa daktari wa upasuaji.

Boda boda ataniuliza: nikiipandisha, nitasimamaje na abiria? Jibu ni kujifunza kuteremka mbele ya siti unaposimama, mguu mmoja chini, baiskeli imeinama kidogo. Linachukua wiki kuzoeleka, na siku za mwanzo usijaribie na mama mwenye mtoto mgongoni.

Mshukiwa wa pili wa maumivu ya mbele ni gia nzito, na hapa nataka tukae kidogo na hesabu, kwa sababu hesabu hii inaeleza mengi ambayo watu huyaita uzee.

Chukua baiskeli ya kawaida ya Black Mamba, ile isiyo na gia za kubadilisha, tuseme ina meno 44 mbele na 18 nyuma kwenye frewili. Kila mzunguko mmoja wa pedeli unasogeza baiskeli karibu mita tano na nusu. Mwendeshaji ana kilo 60, abiria 70, baiskeli 20. Barabara inapanda mita nne kwa kila mita 100, mwinuko ambao macho hayaoni kama ni mlima ila mapafu yanajua. Wakienda mwendo wa mtu anayetembea haraka, kilomita sita kwa saa, pedeli zinazunguka mara 18 tu kwa dakika. Na nguvu inayotakiwa kwenye pedeli ni wastani wa takriban kilo 38 katika mzunguko wote. Lakini mguu hausukumi sawasawa mzunguko mzima, kuna sehemu ya juu na ya chini ambapo karibu hausukumi kitu, kwa hiyo pedeli inapokuwa mbele lazima usukume kama mara mbili ya wastani huo. Yaani zaidi ya kilo 70, kwa mguu mmoja, kwa mtu mwenye kilo 60. Ndiyo maana anasimama juu ya pedeli na kuvuta usukani kama anayeng'oa kisiki. Na ndiyo maana wazee wa kazi hii huteremka na kusukuma. Hawajachoka, wanalinda magoti, ingawa hakuna aliyewafundisha kulisema hivyo.

Mzigo uleule, mlima uleule, mwendo uleule, kwenye baiskeli ya milima yenye meno 24 mbele na 28 nyuma: wastani unashuka hadi kilo 12 hivi, na pedeli zinazunguka mara 57 kwa dakika. Kazi ni ileile, ila imegawanywa katika vipande vidogo vingi, na goti hupendelea vipande vidogo. Cha kusikitisha ni kwamba vijana wengi wenye gia 18 au 21 hutumia mbili. Ama waya umeshika kutu na gia zimekwama kwenye ile nzito, ama mwenyewe anaona kuzungusha haraka ni mambo ya watoto.

Wasio na gia wana njia ya bei nafuu. Frewili ya meno 18 ikitolewa na kuwekwa ya 22, ukaongezwa mnyororo kidogo, zile kilo 38 zinashuka hadi 31. Utapoteza kasi kwenye tambarare. Mwenye kubeba abiria kati ya Matulo na Webuye nadhani atakubali biashara hiyo, anayebeba mikate asubuhi kwenye lami tambarare pengine atakataa, na ana haki yake.

Najua mtakaloniambia. Mtasema magoti ya watu wa huku ni ya chuma. Na ni kweli kwamba mwaka 2008 Nicholas Leong wa Singapore aliwachukua vijana wawili wa Eldoret, Zakayo Nderi aliyekuwa mng'arisha viatu na Samwel Mwangi aliyekuwa boda boda wa baiskeli, akawapeleka Ufaransa kupanda Alpe d'Huez, ule mlima wa kona 21 unaotumiwa na Tour de France, na wakaupanda kwa muda uliowashangaza watu wanaoujua mchezo wa baiskeli. Nguvu ipo. Lakini nguvu haikingi goti. Bernard Hinault, Mfaransa aliyeshinda Tour mara tano na ambaye hakuna aliyewahi kumwita mnyonge, mwaka 1980 aliondoka mashindanoni akiwa anaongoza, amevaa jezi ya njano, kwa sababu ya goti. Mwaka 1983 hakuanza kabisa, na sababu ni goti tena. Msuli wenye nguvu unavuta kano kwa nguvu zaidi, basi.

Sasa niwape swali ambalo kwangu lina thamani kuliko picha ya eksirei: linauma goti moja au yote mawili?

Yakiuma yote mawili kwa kadiri moja, tafuta kitu kinachohusu miguu yote: urefu wa siti, gia, umbali ulioongezeka ghafla. Likiuma moja tu, tafuta kilichopinda. Na kwenye Black Mamba kuna kitu kidogo ambacho nimekuja kukiheshimu sana, nacho ni kotapini. Ni ile pini ya chuma inayopita kwenye krenki na kuibana kwenye ekseli. Inalika taratibu. Ikishalika, krenki moja inacheza, na pedeli mbili hazikabiliani tena sawasawa, moja inatangulia kidogo. Kila ukikanyaga unasikia "tok," goti linapokea mshtuko mdogo, na mguu mmoja unafanya kazi kwa pembe tofauti na mwenzake. Watu huizoea ile sauti, wengine huniambia ndivyo baiskeli yao inavyolia. Kotapini mpya ni kitu cha bei ndogo. Fundi aigonge ikae, kisha akaze nati. Akikaza nati bila kugonga, itaregea kabla hujafika nyumbani.

Kilichopinda kingine ni ekseli ya pedeli. Baiskeli ikiangukia upande mmoja na gunia juu yake, ekseli hujikunja kidogo, na unyayo unayumba kila mzunguko. Ichunguze hivi: zungusha krenki kinyumenyume polepole, huku ukiishika pedeli kwa kidole ibaki sambamba na ardhi. Pedeli ikiyumba kila mzunguko badala ya kutulia, ekseli imepinda. Ukienda kuibadilisha kumbuka pedeli ya kushoto hufunguliwa kwa kuizungusha kinyume na kawaida. Mafundi wengi wanaojifunza wameharibu krenki kwa kutolijua hilo. Tazama pia kama siti imeelekea upande, au imebonyea upande mmoja kwa kukaliwa miaka mingi. Na mwili wenyewe unaweza kuwa na tofauti: mguu mmoja mfupi kidogo, au nyonga iliyowahi kuumia.

Maumivu ya upande wa nje au wa ndani nitayapitia haraka. Ya nje, yanayochoma kama sindano baada ya mwendo mrefu, mara nyingi huletwa na siti iliyo juu mno au vidole vya mguu vilivyoelekezwa ndani. Ya ndani huja zaidi kwa wanaoelekeza vidole nje. Kuna sababu ya kwetu ya jambo hili la pili: ukining'iniza mitungi ya maziwa pande zote mbili za keria, visigino vinaigonga, na mguu unajifunza kujitoa nje ili usigonge. Sogeza mzigo nyuma au juu, na miguu itarudi yenyewe. Maumivu ya nyuma ya goti, siti iko juu mno au nyuma mno, ishushe au isogeze mbele kidogo. Kandambili nazo zina lao: zinateleza, hivyo mtu anakanyaga kwa katikati ya unyayo na kubana kwa vidole ili zisidondoke. Kiatu chochote chenye soli ngumu, hata akala, ni bora.

Baada ya mahali, naulizia wakati. Linauma kilomita ya kwanza kisha linaacha? Linaanza mlimani tu? Linasubiri usiku? La kwanza ni kiungo kisichopashwa moto, na hapo nawakubalia wanaolaumu baridi, kidogo: alfajiri ya Kitale anza polepole kwa dakika kumi. La pili ni gia. La tatu nitalirudia mwishoni. Kisha nauliza kilichobadilika wiki mbili au tatu kabla ya maumivu kuanza. Mara ya kwanza kila mtu husema hakuna. Ukimwacha akae kimya atakumbuka: msimu wa mavuno umeanza na safari zimeongezeka, fundi alibadilisha siti, kaka aliazima baiskeli akaishusha, kijana amerudi likizo baada ya muhula mzima bila kupanda, na siku ya kwanza akaenda hadi Kimilili.

Na ukishindwa kuamua kama kosa ni la baiskeli au la mwili, azima baiskeli nyingine ya kimo chako kwa siku chache, safari zilezile, mzigo uleule. Maumivu yakikuacha, mhalifu yuko kwako nyumbani ameegemea ukuta. Yakikufuata, tuchunguze mwili: mara nyingi misuli ya nyonga ni dhaifu na goti linaangukia ndani kila unapokanyaga, na hilo linatibika kwa mazoezi. Jambo moja nasisitiza kwa sababu wengi hulivunja. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukipandisha siti, ukabadilisha frewili na kununua viatu siku hiyohiyo, ukapona, hutajua kilichokuponya. Na ukizidiwa, hutajua kilichokuzidisha.

Kuna magoti ambayo hayahusiani na yote niliyosema, na hayo msiyapeleke kwa fundi wala msiyangojee. Goti lililovimba na kuwa moto pamoja na homa. Goti linalokwama halikunjuki, au linalokuachia ghafla ukaanguka. Maumivu yanayokuamsha usiku. Mtoto au kijana anayechechemea na kusema goti linauma, kumbe tatizo liko nyongani. Nyonga ya mtoto ina tabia ya kutuma maumivu gotini, na ikicheleweshwa huacha kilema. Kijana wa miaka 12 au 14 mwenye kinundu kinachouma chini tu ya goti kwa kawaida anakua, na akipunguziwa milima atapoa, lakini aonwe. Na katika eneo letu hili la magharibi, ambako selimundu ipo katika familia nyingi, mtoto anayerudiwa na maumivu makali ya viungo apimwe damu, hata kama jana yake alikuwa kwenye baiskeli.

Maswali nitayapokea nje. Waliokuja na baiskeli wasiondoke: nina tepu ya kupimia, na fundi amekuja na nyundo na kotapini. Tutaanza na wanaoumwa goti moja.